Nyumba ya Nashipae Ilipowekwa Mezani Kitengela

Kisu kikali hakikukati. Kinachokukata ni kile butu, kwa sababu butu unakisukuma, ukikisukuma kinateleza, na kikiteleza kinatafuta kidole. Hilo ndilo jambo la kwanza ningewaambia nyinyi vijana mnaoanza kazi ya kutengeneza modeli za majengo, hata kama siku hizi mashine ndiyo inawakatia na nyinyi mnakunywa chai mkiingojea. Siku moja stima itapotea na mteja atakuwa mlangoni. Badilisha wembe mapema. Usiwe mchoyo wa wembe.

Mimi naitwa Mama Njeri. Nilifanya kazi hii hapa Kitengela tangu wakati mji ulikuwa na vumbi jingi kuliko watu, mpaka vidole vikaanza kufa ganzi na daktari akaniambia nipumzike. Mtu akiniuliza nilikuwa nafanya kazi gani, namwambia nilikuwa najenga. Maghorofa, makanisa, shule, masoko, yote yalipita kwa mlango wangu yakiwa yamebebwa na mtu mmoja au wawili. Msanifu akimaliza kuchora, mwenye jengo haelewi ile michoro, anaona mistari tu. Basi msanifu ananiletea karatasi zake, nami nakata kadibodi, nabandika, naweka mlango, dirisha, mti, gari, mpaka mwenye jengo anainama, anaangalia, halafu anasema, "Aaa, kumbe ni hivi!" Hiyo "kumbe ni hivi" ndiyo niliyokuwa nauza miaka hiyo yote.

Aliyenifundisha alikuwa mzee Gachanja, fundi wa viatu. Msicheke. Alikuwa akishona viatu kando ya barabara, na siku moja msanifu fulani aliyepeleka soli yake ibandikwe akakaa pale akamtazama vile anavyokata ngozi. Akamwuliza kama anaweza kukata kadibodi namna hiyo. Mzee akamjibu, "Kadibodi ni ngozi tu ambayo haijawahi kuwa ng'ombe. Lete." Viatu vikaisha hapo. Mimi nilienda kwake kutafuta kazi ya kufagia, nikakuta kuna mabaki mengi sana ya kufagia, nikaanza kuyachezea, nikamjengea mbwa wake kibanda cha ukubwa wa kiberiti. Mzee akakigeuzageuza mkononi, akasema, "Mlango uko juu sana, lakini wewe kaa."

Ni yeye aliyenionyesha kushika rula ya chuma vidole vikiwa vimesimama kama miguu ya buibui, ili kisu kikipotea njia kisivikute. Alinifundisha kukata polepole kwa kurudia, si mara moja kwa nguvu. Gundi alinifundisha kuipaka kwa njiti, kisha kuingoja mpaka ianze kunata ndipo nibandike. "Usiharakishe gundi," alikuwa akisema. "Gundi ni kama mama mkwe. Mpe muda akuzoee." Na paa, watoto wangu, paa lisibandikwe kamwe. Lifanye liinuke, mtu aone ndani. Mzee alikuwa akisema nyumba isiyofunguka ni jiwe.

Siku moja gundi ilituishia Jumapili, maduka yamefungwa, na mchungaji alikuwa anakuja Jumatatu kuchukua modeli ya kanisa jipya. Mimi kwa ujuaji wangu nikapika uji mzito wa unga wa ngano, ule tuliokuwa tunabandikia karatasi shuleni, nikamalizia nao mnara. Ulishika vizuri sana. Asubuhi tukakuta panya wameula mnara wote mpaka kwa msalaba, na mmoja bado yuko madhabahuni. Kidogo tu, mchungaji huyo akaingia. Nikatamani ardhi ipasuke. Mzee Gachanja hata hakupepesa macho. Alisema, "Mchungaji, hata panya wameonja wakaona ni njema." Yule mtu wa Mungu alicheka mpaka akatafuta kiti, na akatuongezea muda. Tangu siku hiyo unga kwangu ni wa chapati peke yake.

Lakini nilikaa kuwaandikia kwa sababu ya kazi moja, na mkisahau hayo mengine yote, hii naomba mkae nayo.

Nashipae alinijia wakati wa kiangazi, mzee Gachanja akiwa tayari ametuacha na kazi imebaki mikononi mwangu. Alikuwa msichana mrefu, mwembamba, amemaliza masomo ya usanifu majengo juzi juzi. Michoro yake alikuwa ameiviringisha ndani ya kipande cha bomba la maji, kwa sababu upepo wa Kitengela mnaujua. Wazazi wake walikuwa wafugaji, wanaishi ndani zaidi ya Bisil, mbali na lami.

"Anti, kuna shindano la wasanifu vijana," aliniambia. "Nataka unitengenezee hii. Lakini tafadhali, ukuta nataka uwe wa mchanga wa huku kwetu, si rangi ya kununua."

Tukaitandika michoro mezani. Ilikuwa nyumba ya kungojea uzazi. Mwanamke anayeishi mbali na hospitali, siku zake zikikaribia, anakuja kukaa pale karibu na wauguzi mpaka uchungu uanze, badala ya kuanza safari akiwa tayari ameshikwa. Ilikuwa na kuta nene za kuzuia joto, uwanja katikati, jikoni ambapo akina mama wanaweza kujipikia wakiwa wameketi pamoja, paa la kukusanya mvua liielekeze kwenye tangi. Na mbele, nje kabisa ya mlango, alikuwa amechora benchi refu lililojengwa pamoja na ukuta.

"Hili benchi mbona umelitoa nje?" nikamwuliza. "Si afadhali likae uwanjani, kwa kivuli?"

"Nitaliwekea kivuli hapo hapo," akasema. "Mtu akingoja, anapenda kuona barabara."

Sikumwuliza amejuaje. Nilidhani ni mambo wanayofundishwa.

Tuliifanya pamoja. Mchanga tulichukua kando ya njia ya Isinya, tukauchekecha kwa chujio la chai, nikapaka gundi kwenye kadibodi na kuunyunyizia juu. Miti ya migunga nilitengeneza kwa vijiti vya majani makavu, kwa juu nikaweka sponji iliyokatwakatwa. Akina mama niliwaunda kwa waya, nikawavika vipande vya shuka nyekundu na buluu, shingoni uzi wa rangi badala ya shanga. Nashipae aliwaangalia, akakunja uso. "Anti, hawa ni wasichana. Ongeza tumbo." Nikaongeza. "Ongeza tena. Hawa wamebakisha siku chache." Tulicheka sana siku hiyo.

Ikashinda. Kati ya kazi zote zilizopelekwa Nairobi, yake ilikuwa ya kwanza. Halafu wale waliopanga shindano wakaona si vizuri kazi nzuri zionekane na watu wa Nairobi tu, wakazizungusha miji mingine, na kwa upande wetu wakakodi ukumbi hapa Kitengela. Nikaombwa niwe pale kuangalia modeli zisiguswe ovyo, na kurekebisha zitakazoumia njiani.

Hapo nataka niwaambie kuhusu meza. Waliziweka juu, mpaka kifuani. Nikasema hapana, shusheni. Mtu akisimama wima mbele ya modeli anaiona kama mwewe anavyoona boma, anaona mapaa. Lakini hakuna mtu anaishi kwa paa. Shusha meza, weka kigoda kando yake, mtu akae, jicho lake lifike usawa wa mlango. Hapo ndipo anaingia.

Watu walikuja wengi. Na watu wa Kitengela mnawajua, kila mtu anatafuta nyumba. Kijana mmoja alisimama mbele ya modeli ya ghorofa iliyopata nafasi ya pili, akaniuliza kwa adabu kabisa, "Mathe, hii ya pale juu kona bado iko wazi?" Mzee mmoja mfanyabiashara wa mbuzi, kwao ni upande wa Garissa, aliitazama sana modeli ya soko la kisasa, akahesabu nafasi za kuegesha magari kwa kidole, halafu akauliza, "Na mbuzi wataegeshwa wapi?" Nilikuwa nafurahi. Mahali watu wanauliza maswali, modeli imefanya kazi.

Jumamosi wazazi wa Nashipae wakaja.

Mimi nilikuwa sijui kwamba wanakuja, lakini yeye alikuwa anajua. Tangu asubuhi alikuwa anapanguza meza ambayo haina vumbi. Walifika kwa pikapu ya kukodi, watu wanane hivi, wamevaa nguo za sherehe. Mbele alikuwa baba yake, Mzee Parsaloi, kofia kichwani na fimbo mkononi. Nyuma yake ndugu yake mdogo, Mzee Lemayian, mtu wa sauti kubwa. Mama alikuja mwisho na kibuyu cha maziwa. Watu kwao walimwita Ngoto Nashipae, yaani mama yake Nashipae, nami nikamwita hivyo hivyo.

Salamu zikaisha. Mzee Parsaloi akauliza, "Haya. Nyumba iko wapi?"

Nashipae akaonyesha kwa mkono. "Ni hii, Baba."

Mzee akaangalia meza. Akaangalia nyuma ya meza, ukutani, kisha dirishani, kama mtu anayefikiri kuna mlango wa kutokea uani. Halafu akarudisha macho mezani, na nikaona uso wake ukielewa.

Msichana alikuwa amewapigia simu akiwa na furaha, akawaambia, "Nyumba yangu imeshinda, iko Kitengela, kujeni muione." Na nyumba kwa mtu wa kawaida ni kitu chenye mlango unaopita. Mzee alikuwa amewaambia majirani wote. Alikuwa ameita ndugu zake wakodi gari waje waone nyumba ambayo mtoto wake amejenga mjini.

"Hii?" Lemayian akasema, na ukumbi mzima ukasikia. "Parsaloi, si ulituambia nyumba? Hii hata kuku haingii!"

Watu wawili watatu wakacheka. Hawakujua.

"Mjomba, hii ni modeli," Nashipae akaanza. Akajirekebisha, maana huyo ni baba mdogo, lakini akishtuka Kiswahili kilikuwa kinamchanganya. "Baba mdogo, ni mfano. Nyumba yenyewe inakuja baadaye."

"Baadaye lini?"

Akaanza tena kupanguza meza.

"Umesoma miaka yote hiyo," Lemayian akasema. Sasa hakuwa anacheka, na nikiwa mkweli, nafikiri hata yeye alikuwa ameona aibu kwa niaba ya ndugu yake. "Ng'ombe zikaisha. Shamba ya juu ikaenda. Ndio ukuje kutengeneza kitu ya watoto kucheza?"

Afadhali Mzee Parsaloi angegomba. Aliiweka fimbo kwapani, akageuka, akatoka nje polepole, na wale wengine wakamfuata.

Nashipae alijificha nyuma ya mbao za maonyesho. Nilimkuta ameinamia magoti. "Kwa nini nilisema nyumba, Anti? Kwa nini sikusema mfano? Baba aliuza nusu ya shamba juu yangu, ndugu zake wakamwambia anatupa mali kwa msichana. Leo nimewaonyesha walisema kweli." Nilimpa leso nikamwambia akae hapo kwanza. Unaweza kubandika ukuta uliovunjika, lakini sijawahi kuona gundi ya kitu kama hicho.

Niliporudi, niliona mama yake hajatoka na wengine. Alikuwa amesimama mbele ya meza, kibuyu bado mkononi.

"Takwenya," nikamsalimia, kwa kile Kimaasai changu cha sokoni.

"Iko," akajibu. Halafu akasema, "Kiswahili yangu ni kidogo."

"Hata yangu," nikamwambia, naye akatabasamu kidogo.

Nikavuta kigoda. Akakaa. Nikainua paa nikaliweka kando. "Hapa ni mahali pa kulala. Hapa ni jikoni, wanapika pamoja. Hapa maji ya mvua inaingia kwa tangi." Alikuwa anafuata kidole changu. Akainama mpaka jicho lake likafika mlangoni, bila mimi kumwambia. Alikaa hivyo muda. Halafu akaonyesha wale akina mama wa waya walioketi kwenye benchi, bila kuwagusa.

"Hawa wanangoja nini hapa nje?"

"Wanangoja siku ya kuzaa. Wametoka mbali, wamekuja mapema, wawe karibu na hospitali."

Alizidi kuwaangalia. Nilifikiri hajanielewa, nikaanza kutafuta maneno mepesi zaidi, na ndipo akasema, bado ameinama, "Mimi nilizaa kwa barabara."

Nikauondoa mkono wangu mezani.

"Si huyu. Ule wa nyuma yake. Kijana. Tulikuwa tunangoja gari, gari haikukuja. Jua ilikuwa kali, nikakaa ndani ya kalvati, chini ya barabara, pale maji inapita. Huyu alikuwa na mimi, mdogo hivi." Akaonyesha kwa kiganja, chini ya ukingo wa meza. "Nilikuwa namtuma aende juu aangalie barabara. Anaenda, anarudi, anasema hakuna. Namtuma tena. Anaenda, anarudi, hakuna." Akaweka kibuyu chini, kati ya miguu. "Mtoto akakuja. Hakulia."

"Pole sana, mama."

"Hiyo maneno hatujawahi kuongea. Mimi na yeye, hapana. Nilifikiria alisahau. Alikuwa mdogo."

Sikutaka kusema kitu kisichokuwa changu. Lakini nilijua jambo moja, na nikaona ni langu kulisema. "Mimi nilitaka benchi hili nilirudishe ndani," nikamwambia. "Yeye akakataa. Aliniambia mtu akingoja, anapenda kuona barabara."

Yule mama akainuka. Hakulia mbele yangu. Alijifunga shuka vizuri akatoka nje, na kupitia dirisha nikasikia sauti yake kwa mara ya kwanza, si kubwa, lakini wale wanaume wote waliokuwa wanaongea wakaacha. Maneno yenyewe Nashipae ndiye aliyenifasiria baadaye. Alimwambia mumewe, "Mtoto wako anakumbuka kalvati. Rudi ndani."

Mzee Parsaloi akarudi. Alivua kofia mlangoni. Goti lake lilikuwa baya, akakishukia kile kigoda kwa shida, fimbo ikimsaidia, akaangalia. Nashipae alikuwa ametoka alipojificha, amesimama upande wa pili wa meza, macho mekundu, mikono haijui ikae wapi. Nikawasha tochi ya simu yangu nikaishika pembeni, vile huwa nafanya kuonyesha jua. "Asubuhi mwangaza unaingia jikoni," nikasema. "Mchana, ukuta huu unaweka kivuli kwa benchi."

Mzee akaushika mkono wangu taratibu, akauhamisha. "Jua yetu haitoki hapo," akasema. "Inatoka huku."

"Inategemea imejengwa wapi, Baba," Nashipae akasema kwa sauti ndogo.

"Na imejengwa wapi?"

"Bado. Shindano lilitupa kiwanja cha karatasi tu. Inaweza kujengwa popote."

"Popote ni wapi?"

Lemayian, aliyekuwa ameingia nyuma yao, akapiga makofi. "Sikia! Hata shamba haina!"

Mzee hakumgeukia. Alimwangalia mke wake, akamwuliza kitu kwa Kimaasai, maneno machache. Mama akajibu kwa neno moja. Na hapo hapo Lemayian akaacha kucheka, akasogea mbele. "Ile kona? Ya karibu na dispensari? Parsaloi, hapana. Hapana kabisa."

Nilikuja kuelewa baadaye. Baada ya kuuza sehemu ya shamba kwa ajili ya masomo, familia ilibaki na kona moja ya thamani, pale njia inapokutana na barabara, hatua chache kutoka kwa dispensari. Tajiri fulani alikuwa ameitaka ajenge kituo cha petroli, na ndugu wote walikuwa wakingoja Parsaloi akubali, kwa sababu kila mmoja alikuwa na shida yake ambayo hiyo kona ingemaliza. Na shida zao zilikuwa za kweli. Simwoni Lemayian kama mtu mbaya. Alikuwa na watoto shuleni na ng'ombe waliokufa kwa ukame.

Walibishana mpaka kwa gari. Kabla ya kupanda, Mzee Parsaloi alimwita binti yake. Nilikuwa karibu, nikasikia. Alimwambia, "Si kitu ya kucheza." Basi. Akapanda mbele, akafunga mlango. Kwa wiki nzima Nashipae alikuwa ananirudia hayo maneno, akiniuliza kama nami nilisikia vizuri.

Msifikiri mambo yaliisha hapo, na hili mliweke akilini nyinyi mtakaoshinda tuzo. Tuzo ni siku moja. Yule tajiri aliongeza ahadi. Ndugu wakaita kikao, wakaita kingine. Mzee akalegea, akakubali kuuza, akakataa, akakubali tena. Mwishowe wakapelekana kwa bodi ya ardhi mke aweke alama ya kidole, kwa sababu bila ridhaa ya mke hawauzi. Nasikia Ngoto Nashipae alikaa pale mkono ukiwa ndani ya shuka. Wakamwambia atoe kidole. Akawaambia, "Mimi nimekubali kukuja. Kidole imekataa." Hakubishana na mtu, hakutoa sababu. Alikaa tu na mkono wake ndani ya shuka mpaka tajiri akachoka, akaenda kutafuta kona nyingine mbele huko. Nashipae anasema baba yake alirudi nyumbani siku hiyo amekasirika, akala, akalala, na asubuhi akaamka akaanza kupima ile kona kwa hatua.

Kiwanja kiliandikwa kwa jina la kikundi cha akina mama wa pale. Kanisa lilichanga, kaunti ikasaidia kidogo, watu wa harambee wakafika, na misimu ya mvua ikapita mingi kabla ya jiwe la mwisho kupanda. Nyumba iliyotoka haikufanana sana na ile niliyotengeneza. Upande mmoja wote uliondolewa. Ule ukuta wenye matundu mazuri uliosifiwa na majaji ukawa ukuta wa kawaida. Nashipae alikuja kwangu na michoro iliyokatwakatwa kwa kalamu nyekundu, akalia kama mtu aliyefiwa. Nilimpa chai. Nikamwambia modeli inashinda tuzo kwa sababu haina mbuzi, haina mvua na haina kamati. Nyumba inaishi na hayo yote matatu. Kitu cha kuuliza ni kama bado mtu anaweza kuketi mbele na kuona barabara. Akaangalia michoro, akasema ndiyo. Nikamwambia, basi kunywa chai.

Modeli yenyewe Ngoto Nashipae aliiomba. Iko kwake juu ya kabati, imefunikwa kitambaa cha kufuma, na wageni hawaonyeshwi mpaka wanywe chai kwanza.

Mimi nilienda kuiona nyumba ikiwa imeshaanza kutumika. Nilipeleka sukari na majani ya chai, nikashuka pale kwa dispensari. Akina mama watatu walikuwa wameketi kwenye benchi, miguu imenyooshwa, mmoja anamsuka mwenzake. Na mwisho wa benchi, na redio ndogo sikioni, alikuwa ameketi Mzee Lemayian.

"Supa," nikamsalimia. "Unafanya nini hapa?"

"Nangoja," akasema, kama mtu aliyekuwa pale tangu nyumba ijengwe. "Mke wa kijana yangu ako ndani. Wa kwanza huyu." Akazima redio. Akaangalia mbele. "Hii nyumba ni ndogo."

"Ilipunguzwa. Ile ya kwanza ilikuwa kubwa."

"Najua. Niliiona." Akaniangalia kwa pembe ya jicho, kuona kama nitamkumbusha siku ile. Sikumkumbusha. Akaniambia, "Wewe uko na namba ya Nashipae? Mwambie iko kitu alisahau. Alichora mahali ya wanawake peke yake. Na sisi? Nimekaa hapa tangu jana na hawa mama wananicheka. Sisi pia tunangoja."

Akainuka, akanipeleka mpaka pembeni mwa ukuta, akaanza kuchora chini kwa ncha ya fimbo. Chumba kidogo, cha pembe nne, chenye benchi. Alichora mlango, akarudi nyuma akauangalia, akaufuta kwa kandambili yake, akauchora upande mwingine.

Nilimpigia Nashipae pale pale, yule mzee akiwa bado anachora. Nikamweleza yote, jinsi alivyosema na jinsi anavyofuta. Nilitegemea acheke. Badala yake nikasikia karatasi ikitandazwa.

"Anti," akasema, "huo mlango ameuweka upande gani?"